Sisi ndio "na kadhalika": mazungumzo na wazazi kuhusu masomo ambayo sheria ya Illinois inayalazimisha

(Niliyasema haya Jumamosi moja ya Agosti, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, katika ukumbi wa chini wa kanisa, Moline, Illinois. Waliokuja ni wazazi kutoka Kongo, Tanzania, Burundi na Rwanda. Waliokuwa zamu siku ile waliomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa pale nilipopaliwa na chai.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na baba zangu, poleni na kazi. Ndugu wa Uvira na Bukavu, jambo yenu. Watoto wako juu wanacheza, kwa hiyo tuna kama saa moja kabla hawajashuka kudai sambusa. Nitajitahidi.

Kazi yangu mnaijua. Nakalia kiti cha katikati: mwalimu upande huu, mzazi upande ule, mimi nageuza maneno. Na katika kiti kile kuna swali nililolisikia mara nyingi kuliko "mwanangu anaendeleaje?" Mzazi ananiinamia, anashusha sauti kama vile mwalimu anajua Kiswahili, anasema: "Hivi hili nalo wanamfundisha la nini?"

Leo nataka kulijibu.

Nianze na meza ya jikoni ya jamaa mmoja aliyemo humu, ambaye ameniruhusu mradi nisimtaje jina. Kijana wake alikuwa darasa la nane. Usiku, sahani za ugali zimesogezwa pembeni, kijana katandaza karatasi. Mbunge wa Washington awe na umri gani? Miaka 25. Seneta? 30. Rais? 35. Rais akikataa kutia saini mswada, mabaraza yatampita kwa kura ngapi? Theluthi mbili kila upande. Baba ndiyo kwanza anatoka kiwandani, buti kaziacha mlangoni, anasimama kusikiliza. Mwisho anashindwa kuvumilia: "Mwanangu, wewe raia? Katiba ya watu unaikariri ya nini, na hesabu unapata C?"

Kijana akamjibu bila kuinua macho: "Baba, nisipoifaulu hii sipewi cheti cha darasa la nane."

Baba hakuamini. Saa nne usiku simu yangu inalia. Nikamwambia, kaka, mtoto hajakudanganya. Ni sheria ya jimbo. Mwanafunzi wa Illinois lazima afanye mtihani kuhusu Azimio la Uhuru, Katiba ya nchi, Katiba ya jimbo na hata namna ya kuiheshimu bendera, na lazima aufaulu kabla ya kuhitimu darasa la nane. Mwalimu hana hiari, wala mkuu wa shule.

Sasa sikieni mwisho wake. Miaka miwili baadaye baba anajiandaa na usaili wa uraia. Wakati ule maswali yalikuwa 100. Afisa anakuuliza 10, ukipata 6 umepita. Nani alikuwa anamuuliza yale maswali kila jioni, anamsahihisha, anamcheka akisema maseneta ni hamsini? Yule kijana. Na baba alipoapa, kijana alikuwa bado hajafikisha miaka 18 na kadi yake ya kijani ya ukaazi anayo, kwa hiyo uraia ukamfuata mwana bila yeye kufanya usaili wowote. Mtihani wake alishaumaliza darasa la nane.

Sisi tumetoka kwenye nchi ambako somo lina mwenyewe mmoja. Mtoto akisoma Kigoma, muhtasari umetoka Taasisi ya Elimu, mtihani umetoka NECTA, swali la Sumbawanga ndilo la Kibaha. Mliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mliona kubwa zaidi: mko ndani ya Tanzania, maji ya Tanzania, mvua ya Tanzania, lakini darasani mtaala ni wa Kongo. Hata kambini mtaala ulikuwa na nchi yake.

Hapa msimtafute huyo mwenyewe, hamtamwona. Katiba ya Marekani, ile aliyokuwa akiikariri kijana wetu, haina neno elimu ndani yake. Marekebisho ya 10 yanasema madaraka ambayo Katiba haikuyakabidhi serikali kuu, na wala haikuwanyima majimbo, yabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa hiyo elimu ikabaki huko. Ipo sheria ya elimu ya shirikisho ya 2015, inataka watoto wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja sekondari. Sheria hiyohiyo inaikataza Washington kuyaamuru majimbo yafundishe nini. Masomo ya watoto wenu yanaamuliwa Springfield, makao makuu ya jimbo, na Bunge la jimbo. Ukivuka daraja la barabara ya I-74 pale ukaingia Bettendorf, umeingia Iowa, na orodha imebadilika. Kuna dada alihamia ng'ambo kwa sababu ya kodi nafuu ya nyumba, akaja kunilalamikia kwamba shule mpya haijui kazi yake, haina mtihani wa Katiba. Nikamwambia, dada, shule inajua kazi yake. Wewe ndiye uliyehama nchi bila kujua.

Springfield inaandika jina la somo. Bodi ya elimu ya jimbo inaweka viwango. Bodi ya wilaya yenu ya shule, majirani zenu wale saba wasiolipwa mshahara, wanachagua vitabu na kupanga muda. Mwalimu ndiye anayefunga mlango na kufundisha. Kumbukeni ngazi hizo, kwa sababu ukipeleka lalamiko lako kwenye ngazi isiyohusika utazungushwa mpaka mtoto ahitimu.

Haya. Nani anaiandika ile orodha?

Mtadhani ni maprofesa wamekaa chumba chenye kiyoyozi wakapima mtoto anahitaji nini. Sehemu ndogo ndiyo. Sehemu kubwa iliandikwa na watu waliokwenda kugonga mlango. Mwaka 1882 jimbo la Vermont lilipitisha sheria kwamba shule zifundishe madhara ya pombe kwa mwili wa binadamu. Waliokuwa wakisukuma ni wanawake wa kanisa wa chama cha kupinga ulevi, na kiongozi wao katika jambo hilo alikuwa mwalimu, Mary Hunt. Walikwenda jimbo kwa jimbo. Kufika 1901 kila jimbo lilikuwa na sheria hiyo. Sasa nawaomba mlitazame vizuri jambo moja: wengi wa wanawake wale hawakuwa na haki ya kupiga kura. Kura ya wanawake nchi nzima ilikuja 1920. Hawakuwa na kura, lakini waliingiza somo kwenye kila shule ya nchi hii. Nawaambia ninyi ambao bado mnasubiri kadi, mnaosema "sisi hatuna sauti hapa."

New York tangu 1996 sheria inataka mtoto afundishwe ile njaa kubwa ya Ireland ya 1845 hadi 1850. Njaa ya nchi nyingine, bahari nyingine! Iliingiaje? Wajukuu wa waliokimbia njaa ile walikuwa wamejaa New York. Illinois hapa, mwaka 2021, baada ya watu wenye asili ya Asia kutukanwa na kupigwa barabarani kwa sababu ya korona, wazazi na mashirika yao walikwenda Springfield. Gavana alisaini Julai mwaka uleule, na tangu mwaka wa shule wa 2022 na 2023 kila shule ya umma ya jimbo hili lazima ifundishe historia ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Illinois ilikuwa ya kwanza nchini kwa hilo. Kama ilivyokuwa ya kwanza, mwaka 1990, kulazimisha somo la maangamizi ya Wayahudi.

Nimewaletea kipande cha sheria. Kwa miaka na miaka kifungu cha historia cha jimbo hili kimesema watoto wafundishwe mchango wa Wamarekani Weusi na makabila mengine, kisha kinayataja: Wapolandi, Walithuania, Wajerumani, Wahungari, Wairishi, Wabohemia, Warusi, Waalbania, Waitaliano, Wacheki, Waslovaki, Wafaransa, Waskoti, wenye asili ya Kihispania, wenye asili ya Asia. Halafu kuna koma. Halafu kuna kifupisho cha herufi tatu na nukta, ambacho kwa Kiswahili ni "na kadhalika."

Mara ya kwanza nilipokisoma nilicheka peke yangu. Mlithuania yumo kwa jina. Mwalbania yumo. Aliyeandika alikuwa anahesabu wapiga kura wa Chicago kwa vidole, hakuna cha ajabu. Sisi tuko kwenye "na kadhalika." Lakini nikaendelea kufikiri nikaona, wanasheria wanajua thamani ya maneno yale. "Na kadhalika" ni mlango uliorudishwa tu, haukufungwa. Mwalimu akitaka kufundisha habari za Wakongo wa Moline na Rock Island, sheria haimzuii, inamruhusu. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia tupo.

Nisiwadanganye pia. Somo kuandikwa kwenye sheria ni jambo moja, na somo kumfikia mtoto ni jambo jingine. Vifungu vingi vya sheria hii vinasema kuwe na "kipande cha mafundisho" kuhusu jambo fulani, kisha vinaongeza kwamba bodi ya kila wilaya itaamua yenyewe muda wa chini kabisa. Mnaona tundu lile? Kipande kinaweza kuwa wiki tatu. Kinaweza kuwa dakika 40, siku ya Ijumaa, kabla ya mapumziko. Na mara nyingi Springfield inaongeza somo bila kuongeza dola wala saa. Siku ya mwalimu haitanuki. Mimi nimekaa na walimu, nimewaona wakihesabu. Ukimkuta mwalimu hajafika kwenye kipande chako usianze kwa ugomvi.

Chukueni historia ya watu Weusi. Illinois inailazimisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi wenu watoto wanaleta nyumbani nini? Februari, mwezi wa historia ya watu Weusi, picha ya Martin Luther King ya kupaka rangi. Kisha Machi inaingia, kimya. Lakini mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, na marekebisho yale nataka kila mzazi aliyemo humu ayajue kama anavyojua namba yake ya simu. Sheria sasa inataka historia ya watu Weusi kabla ya utumwa, kuanzia mwaka 3000 kabla ya Kristo hadi 1619. Mwaka 1619 ni ule ambao meli ilishusha Waafrika ishirini na kidogo Virginia, watu waliotekwa Ndongo, huko Angola.

Miaka elfu nne na mia sita, ndugu zangu! Mwalimu ataijaza na nini? Piramidi za Misri, atazipata kwenye kitabu. Mansa Musa wa Mali, pengine. Halafu? Humu ndani kuna mzee wa Kilwa Masoko. Mzee wangu, yale magofu ng'ambo ya maji pale kwenu, msafiri Ibn Battuta wa Morocco aliufikia mji ule mwaka 1331, akaandika kwamba ni miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Ulikuwa na sarafu zake wenyewe. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa masultani wake. Mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga wakaupora. Yote hayo ni kabla ya 1619. Yamo ndani ya sheria ya Illinois, ingawa aliyeiandika huenda hakuwahi kuisikia Kilwa.

Na Wakongo, msikae kimya mkidhani nawapendelea watu wa pwani. Mwaka 1526 mfalme wa Kongo, Afonso, jina lake la nyumbani Nzinga Mbemba, alimwandikia barua mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake kila siku, hata watoto wa wakuu na ndugu zake mwenyewe. Barua ipo hadi leo. Mfalme Mwafrika, anayejua kusoma na kuandika, analalamikia biashara ya utumwa miaka 93 kabla ya meli ya Virginia. Mtoto wa Kikongo anayetaniwa kwenye basi la shule kwamba kwao wanaishi juu ya miti, hebu mfikirieni siku barua ile inasomwa darasani na mwalimu anauliza, nani humu anatoka Kongo?

Mwaka jana mama mmoja alimpelekea mwalimu wa mwanawe kitambaa cha kanga na karatasi moja tu kuhusu Kilwa, tuliiandika pamoja. Mwalimu aliniita baadaye akasema alikuwa anatafuta kitu cha kufundisha miaka ile tangu sheria ibadilike na hakujua aanzie wapi. Ile kanga, kwa taarifa yenu, imebandikwa ukutani hadi leo, na maandishi yake yanasema "Wivu hauna dawa." Hatujamwambia maana yake.

Sasa naingia mahali pazito, niwieni radhi.

Ile sheria ya maangamizi ya Wayahudi, tangu 2005, haikomei kwa Wayahudi. Inataka yafundishwe na mauaji ya kimbari mengine, na inayataja: Armenia, njaa ya Ukraine, Cambodia, Bosnia, Rwanda, Sudan. Kwa mtoto wa hapa Rwanda ni kipande cha kitabu, Aprili 1994, siku 100. Kwa mtoto wa ukumbi huu ni bibi yake. Au ni baba yake, ambaye hajawahi kusema neno. Nimeitwa mara mbili na washauri wa shule kwa sababu mtoto alitoka darasani akaenda kujifungia chooni. Mwalimu hakukosea, alikuwa anafundisha kama sheria inavyomtaka. Tatizo ni kwamba hakujua nani amekaa kiti cha tatu.

Na humu tumo wa kila upande. Wapo wa Rwanda, wapo Banyamulenge waliozika watu wao Gatumba, Burundi, Agosti 2004, wapo Warundi wa 1972, wapo Wabembe na Wafuliiru waliokimbia vijiji vilivyochomwa. Hayo mengine hayamo kwenye sheria. Mtoto atarudi nyumbani akuulize: "Baba, mbona yetu haikutajwa?" au atakuuliza lililo gumu zaidi: "Sisi tulikuwa upande gani?" Mimi sina jibu la kuwagawia. Ninaloomba ni dogo. Mwanzoni mwa mwaka muulizeni mwalimu wa historia au wa lugha atafika lini kwenye kipande hicho. Ana tarehe, ipo kwenye mpango wake. Mkishaijua, mtoto asikie kwanza kwenu, nyumbani, kwa sauti mnayoijua wenyewe. Na kama hamko tayari kusema, mwandikieni mwalimu mistari miwili: mtoto wangu ana historia na jambo hili, tafadhali usimwulize mbele ya wenzake. Mkishindwa kuandika, niiteni.

(Hapa nilinyamaza kidogo. Mzee mmoja alisema "Amina" polepole, tukaendelea.)

Yapo mengine ya lazima ambayo nitayapitia kwa haraka. Mazoezi ya mwili si mchezo wa hiari: angalau siku tatu kwa wiki, na zamani ilikuwa kila siku. Wazazi wanaowazuia mabinti kwa sababu ya mavazi, ongeeni na shule kuhusu suruali ndefu na hijabu, msimtoe mtoto. Usalama wa mtandaoni, kuanzia darasa la tatu. Somo la udereva, hili wengi hamlijui: wilaya yenye sekondari ya umma lazima ilitoe, saa 30 darasani na saa 6 nyuma ya usukani, kwa ada ambayo mwalimu wa binafsi akiisikia atalia. Wema kwa wanyama na ndege nao umo, tangu 1909. Ndiyo maana mjukuu wa bibi mmoja hapa alimkemea bibi yake kwa kumrushia mbwa wa jirani kandambili. Bibi akaniuliza kama ni kweli serikali imeingia hadi kwenye mbwa. Imeingia, bibi, zaidi ya miaka 100 sasa.

Na ipo Sheria ya Erin. Erin Merryn ni mwanamke wa hapahapa Illinois, alidhalilishwa utotoni, alipokua akazunguka mabunge akidai watoto wafundishwe kutambua mguso mbaya na kusema. Tangu 2013 shule zetu lazima zifundishe, kuanzia chekechea, na majimbo mengi yamefuata. Najua kwetu mambo haya hayasemwi. Mtoto akirudi akikueleza kwamba mwili wake ni wake, usimpige kofi la kukosa adabu. Msikilize hadi mwisho, huenda ana la kukuambia.

Mnaweza kukataa nini? Hilo ndilo mlilolisubiri, naona watu wamekaa sawasawa. Kiapo cha bendera cha asubuhi sheria ya jimbo inataka kisemwe, lakini mtoto hawezi kulazimishwa kukisema. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1943, katika kesi ya familia za Mashahidi wa Yehova wa West Virginia, na ilikuwa vita imepamba moto. Elimu ya ngono: Illinois haiilazimishi wilaya kuifundisha. Wilaya ikiamua kufundisha, sheria ya 2021 inaibana ifuate viwango vilivyowekwa, na mzazi akiandika kwamba hataki, mtoto anatolewa na hawezi kuadhibiwa. Andika, usiseme kwa mdomo mlangoni. Historia ya watu wa LGBT, yaani wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, ndiyo, imo kwenye sheria ya historia tangu 2020. Juni 2025 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, iliwakubalia wazazi wa Maryland, wakiwamo Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wa Ukraine, waliotaka kuarifiwa na kuwatoa watoto wao kwenye vitabu fulani vya hadithi zenye watu hao kwa sababu ya dini. Kwa hiyo ukiwa na pingamizi la dini, uliza kwa maandishi, kwa adabu, kitabu gani na siku gani. Mimi binafsi naona mtoto atakutana na watu wa kila aina kiwandani na hospitalini, na huko hakuna fomu ya kumtoa. Lakini uamuzi ni wako, na kazi yangu ni kukuonyesha fomu ilipo.

Lisilokatalika ni hesabu, Kiingereza, sayansi, Katiba. Usije ukaniomba nikatafsiri barua ya kumtoa mtoto kwenye aljebra kwa sababu za kiroho. Nimeshaombwa.

Namalizia na lugha, na hapa nitajisema mwenyewe. Nilipofika, nikamwandikisha binti yangu, nilikuta swali kwenye fomu: lugha gani inazungumzwa nyumbani? Nikaandika Kiingereza. Niliogopa. Nilidhani nikiandika Kiswahili watamtupa kwenye darasa la wajinga. Matokeo yake hakuna aliyempima, akawekwa na wenzake wa kawaida, na hadi Desemba kila alichoulizwa alijibu "yes." Aliulizwa nani kavunja dirisha, akajibu "yes." Nililipia dirisha ambalo hakulivunja.

Fomu ile ndiyo inayowahesabu. Sheria ya Illinois inasema shule moja ikiwa na watoto 20 au zaidi wanaojifunza Kiingereza na lugha yao ni moja, lazima iweke mpango wa kuwafundisha kwa lugha zote mbili, ile ya kwao na Kiingereza, hadi waweze kusimama. Ishirini, kwenye shule moja. Mkiwa 23 na nane wakaandika "Kiingereza" kwa woga kama mimi, mmebaki 15, na sheria haiwaoni. Mzazi bado ana haki ya kukataa mpango huo kwa mtoto wake. Ila huwezi kukataa wala kukubali kitu ambacho hakijaanzishwa.

Na lugha haiishii hapo. Watakaoingia darasa la tisa kuanzia mwaka wa shule wa 2028 na 2029 watatakiwa miaka miwili ya lugha ya kigeni ili wahitimu. Hao ni wale wanaopiga kelele juu sasa hivi. Upo pia muhuri wa jimbo wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha mhitimu anayethibitisha kwamba anasoma, anaandika na anazungumza Kiingereza na lugha nyingine. Kusoma na kuandika, nimesema. Kusikia tu bibi akikuita ukale hakutoshi. Kuna watoto hapa wanaongea Kiswahili kama maji, lakini ukiwapa barua wanaishika juu chini. Jimbo hili liliwahi, mwaka 1923, kupitisha sheria kwamba lugha yake rasmi ni "Kimarekani," na ikakaa vitabuni hadi 1969 walipoibadilisha kuwa Kiingereza. Leo jimbo hilohilo liko tayari kumpigia mtoto wako muhuri kwa Kiswahili, na sisi ndio tunaomzuia asijifunze kukiandika.

Bodi ya wilaya inakutana Jumatatu. Kuna muda wa wananchi kuzungumza, na kuzungumza hakuhitaji uraia wala kadi. Tunahitaji watu watatu: mmoja aulizie kipande cha historia ya Afrika kabla ya 1619 kinafundishwa wiki ngapi, mmoja aulize shule ipi imefikisha wanafunzi 20 wa Kiswahili, na mmoja akae tu pale awe wa tatu. Mimi nitatafsiri. Kikao kinaanza saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo wa zamu ya pili msijisumbue.

Fomu za kuandikisha ziko kwenye meza ile, karibu na birika. Peni zipo, nimenunua pakiti mbili. Swali la lugha ya nyumbani liko ukurasa wa kwanza, chini kidogo ya anwani. Wasioona vizuri waje nitawaonyesha mstari. Na nani ana watoto wale wawili wanaogonga mlango wa jikoni? Sambusa haziwi tayari mpaka saa nane.